Mizani Mbili za Washington

Ili nipate leseni ya kulea watoto mchana nyumbani kwangu hapa Silver Spring, Maryland, ilibidi kwanza nikachukuliwe alama za vidole. Si mimi peke yangu. Mume wangu alikwenda. Kijana wetu alipotimiza miaka 18, naye alikwenda. Mdogo wangu alipokuja kutoka Tanga kuishi nasi, ikambidi afanye vivyo hivyo, kwa kuwa sheria inamhusu kila mtu mzima anayekaa ndani ya nyumba. Majina yetu yalipitishwa kwenye kumbukumbu za polisi, za FBI, na kwenye orodha ya watu waliowahi kutiwa hatiani kwa makosa ya kujamiiana.

Sijawahi kulalamikia jambo hilo. Mama anayeniachia mtoto wa miezi minane alfajiri ili awahi treni ya mjini ana haki ya kujua ni nani analala chini ya paa hili. Kama serikali isingenitaka nifanye hivyo, ningetaka mwenyewe.

Treni wanayowahi akina mama hao, ile ya laini nyekundu, husimama Union Station. Ukitoka nje ya stesheni tu, unaliona kuba jeupe la Bunge la Marekani. Humo ndimo zilimotungwa sheria zilizonifanya nipeleke vidole vyangu, na humo humo ndimo hupigwa kura za kupeleka ndege na askari kwenye nchi za watu. Nimeishi karibu na jengo lile kwa miaka mingi, nimepata uraia, napiga kura. Kitu ambacho nimejifunza, na ambacho nataka kukieleza hapa kwa mifano inayojulikana, ni hiki: vita na adhabu ya wabakaji ni mambo mawili ambayo wanasiasa huyasemea kwa sauti kubwa kuliko mengine, na ndiyo hayo ambayo msimamo wao hugeuka upesi wanapoona aliyetenda ni wa kwao.

Waliotunga sheria

Tarehe 27 Julai 2006, Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyopewa jina la Adam Walsh, mtoto wa miaka 6 aliyeibwa kwenye eneo la maduka huko Hollywood, Florida, siku kama hiyo mwaka 1981, akauawa. Sheria hiyo iliweka utaratibu mmoja wa nchi nzima wa kuwaandikisha waliotiwa hatiani kwa makosa ya kujamiiana, na iliwagawa katika madaraja matatu. Wa daraja la kwanza hukaa kwenye orodha miaka 15 na hujitokeza mbele ya maofisa kila mwaka. Wa pili hukaa miaka 25 na hujitokeza kila baada ya miezi sita. Wa tatu ni wa maisha, na hujitokeza kila baada ya miezi mitatu. Akihama nyumba, akibadili kazi au akianza masomo, ana siku tatu za kazi za kutoa taarifa. Asipofanya hivyo, ni kosa jipya.

Mmoja wa wabunge waliojulikana sana kwa kupigania sheria za namna hiyo alikuwa Mark Foley wa Florida, kutoka chama cha Republican. Alikuwa kiongozi wa kundi la wabunge lililoshughulikia watoto waliopotea na wanaodhulumiwa. Miezi miwili baada ya sheria kutiwa saini, tarehe 29 Septemba 2006, alijiuzulu. Ilikuwa imefichuka kwamba alikuwa akiwaandikia ujumbe wa kingono wavulana waliokuwa wamehudumu Bungeni, wanafunzi wa sekondari wa miaka 16 na 17 waliokuwa wakipeleka karatasi na kupokea simu za wabunge, huku wakilala bwenini karibu na Bunge, mbali na wazazi wao.

Kamati ya maadili ya Baraza la Wawakilishi ilichunguza, na Desemba mwaka huo ikatoa taarifa yake. Ilisema hakuna kanuni iliyovunjwa na viongozi wala wafanyakazi wao. Lakini ilisema pia kwamba watu kadhaa walipata dalili mapema, na badala ya kuwalinda wale vijana wakachagua kutojua. Huko Florida, wachunguzi walifunga jalada mwaka 2008 bila kumfungulia Foley mashtaka.

Spika wa Baraza wakati wote huo alikuwa Dennis Hastert wa Illinois. Kabla ya siasa, kuanzia mwaka 1965 hadi 1981, alikuwa mwalimu na kocha wa mieleka katika shule ya sekondari ya Yorkville. Mei 2015 alishtakiwa kwa kutoa fedha benki kidogo kidogo ili zisiripotiwe, na kwa kuwadanganya FBI. Fedha hizo, dola milioni 1.7 kati ya milioni 3.5 alizoahidi, zilikwenda kwa mtu ambaye Hastert alimdhalilisha kingono alipokuwa mwanafunzi wake. Waendesha mashtaka walieleza kuhusu wavulana wengine pia. Makosa yenyewe yalikuwa yamepitwa na muda wa kushtakiwa.

Tarehe 27 Aprili 2016, jaji Thomas Durkin, akimwita mbele ya mahakama mtu aliyewadhuru watoto mara kwa mara, alimhukumu miezi 15. Akatumikia takriban miezi 13. Kwa kuwa kosa alilotiwa hatiani lilikuwa la benki, hakuwekwa kwenye orodha ya wakosaji wa kujamiiana. Kijana wa miaka 19 asiye na wakili wa maana, anayekubali shtaka bila kuelewa vizuri anachokubali, anaweza kukaa kwenye orodha ile mpaka nywele zianze kuwa nyeupe. Mtu aliyeshika nafasi ya pili katika mstari wa kumrithi Rais wa Marekani hayumo.

Kabla ya hukumu, marafiki wa Hastert walimwandikia jaji barua za kumwombea huruma. Mmoja wao alikuwa Tom DeLay, aliyekuwa mnadhimu na baadaye kiongozi wa wabunge wa chama chao cha Republican. Mlikumbuke jina hilo, kwa sababu nitalirudia tukifika kwenye vita.

Jina linapotangulia kosa

Nisieleweke kwamba ugonjwa huu ni wa chama kimoja. Jeffrey Epstein, tajiri aliyewadhulumu wasichana wadogo kule Palm Beach, alikuwa na marafiki wa pande zote. Mwaka 2007, mwendesha mashtaka wa serikali kuu huko Miami, Alexander Acosta, alikubali makubaliano yaliyomwepusha Epstein na mashtaka ya serikali kuu. Mwaka 2008 akakiri makosa ya jimbo, akapewa miezi 18, akatumikia kama 13, na kwa sehemu kubwa ya muda huo aliruhusiwa kutoka mchana kwenda ofisini kwake. Mwaka 2011, mjini New York, ni waendesha mashtaka wenyewe walioomba awekwe daraja la chini kabisa kwenye orodha ya wakosaji. Jaji alikataa, akamweka la juu.

Mwaka 2017, Seneti ilimthibitisha Acosta kuwa waziri wa kazi. Alijiuzulu Julai 2019, Epstein alipokamatwa tena. Tangu hapo, kelele za kutaka nyaraka za Epstein ziwekwe wazi zimekuwa zikihama upande kufuatana na nani yuko Ikulu. Wademokrat waliokuwa na serikali kati ya mwaka 2021 na 2025 hawakulifanya jambo la haraka. Warepublican walioahidi kwenye kampeni ya 2024, walipoingia madarakani serikali yao ilisema Julai 2025 kwamba hakuna zaidi la kutoa. Ilibidi wanawake waliodhulumiwa wasimame wenyewe mbele ya Bunge, na wabunge wachache wavunje safu ya chama chao, ndipo Novemba 2025 sheria ya kuzitoa ikapita kwa kura 427 dhidi ya 1.

Na nisieleweke pia kwamba ni ugonjwa wa Wamarekani tu. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998, na adhabu yake si ya mchezo: kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30, na kumbaka mtoto aliye chini ya miaka 10 ni maisha. Mwaka 2004, mwanamuziki Nguza Viking, tunayemjua wote kwa jina la Babu Seya, alihukumiwa kifungo cha maisha pamoja na wanawe kwa kuwabaka wanafunzi wa shule ya msingi. Walikana tangu siku ya kwanza. Mahakama ya Rufani iliwaachia wanawe wawili mwaka 2010, lakini ilibakisha hukumu ya baba na ya mwanawe mwingine, Papii Kocha. Tarehe 9 Desemba 2017, katika sherehe za Uhuru mjini Dodoma, Rais John Magufuli aliwasamehe, na uwanja ukashangilia.

Miezi michache kabla, Juni mwaka huo huo, Rais yule yule alikuwa ametangaza kwamba msichana akipata mimba shuleni, katika serikali yake hatarudi darasani. Baadhi ya wasichana hao walikuwa wamebakwa. Sijadili hapa kama mahakama ilikosea juu ya Babu Seya. Wako Watanzania wengi wanaoamini hivyo, na mahakama hukosea. Ninachosema ni kwamba msamaha ulimwendea mwenye jina na nyimbo, na ukali ukamwendea mtoto wa kike ambaye hakuna anayemjua. Zuio lile liliondolewa Novemba 2021. Kuna wasichana waliozidi umri wakilisubiri liondoke.

Vita vya fulani, vita vyetu

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, nilikuwa Kinondoni, Dar es Salaam, dukani nilikokuwa nikiuza. Kishindo kilipokuja, vioo vilitetemeka, mitungi ya biskuti ikagongana kwenye rafu. Tulitoka nje tukidhani ni lori la mafuta. Moshi ulikuwa upande wa Ubalozi wa Marekani. Watu 11 walikufa Dar siku ile. Nairobi, ambako bomu jingine lililipuka takriban wakati huo huo, walikufa 213, wengi wao wapita njia, makarani, na waliokuwa ndani ya jengo la Ufundi lililoporomoka pembeni ya ubalozi. Wamarekani walikuwa 12.

Tarehe 20 Agosti, Rais Bill Clinton alijibu kwa makombora. Mengine yalipiga kambi za Afghanistan, mengine yakapiga kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, mjini Khartoum, kilichodaiwa kuhusika na silaha za kemikali, dai ambalo ushahidi wake ulitiliwa shaka hata na wataalamu wa Marekani. Siku tatu kabla ya hapo, Clinton alikuwa amekiri kwenye televisheni uhusiano wake na Monica Lewinsky. Mjadala uliotawala Washington haukuwa juu ya wafu wa Nairobi na Dar, wala juu ya wagonjwa wa Sudan waliotegemea dawa za kiwanda kile. Ulikuwa juu ya kama Rais amerusha makombora ili kuficha fedheha yake.

Desemba jambo kama hilo likatokea tena. Tarehe 16 Clinton alianza kuipiga Iraki mabomu kwa siku nne, mkesha wa mjadala wa kumshtaki Bungeni. Trent Lott, kiongozi wa Warepublican katika Seneti, alisema hawezi kuunga mkono hatua hiyo kwa wakati ule. Tarehe 19 Baraza la Wawakilishi likapiga kura ya kumshtaki Rais. Siku hiyo hiyo Bob Livingston, aliyetarajiwa kuwa Spika, alitangaza kujiondoa kwa sababu ya uzinzi wake mwenyewe uliofichuka. Jina lililokubaliwa haraka kuchukua nafasi hiyo, la mtu aliyeonekana hana doa, lilikuwa Dennis Hastert.

Sasa nitataja kura mbili ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma, maana kumbukumbu za Baraza ziko wazi kwa umma. Tarehe 28 Aprili 1999, chini ya Clinton, Baraza lilipigia kura azimio la kuunga mkono mashambulizi ya anga ya NATO kule Kosovo. Matokeo yalikuwa 213 kwa 213, azimio likaanguka. Warepublican 187 walikataa, Wademokrat 181 walikubali. Tarehe 10 Oktoba 2002, chini ya Bush, Baraza lile lile, lenye wabunge wengi wale wale, lilipigia kura ruhusa ya kuivamia Iraki. Warepublican 215 walikubali, 6 tu wakakataa. Safari hii wengi wa Wademokrat, 126, ndio waliokataa. Tom DeLay aliipinga ile ya kwanza na kuiongoza ile ya pili.

Naam, Kosovo si Iraki, na kati ya kura hizo mbili kulikuwa na Septemba 11, 2001. Mtu mwaminifu anaweza kukubali vita hivi na kukataa vile kwa sababu nzuri. Lakini hoja zilizotumika mwaka 1999 zilikuwa kwamba Marekani haipaswi kujiingiza bila kujua itatokaje, kwamba hatari haijatufikia, kwamba gharama hazijulikani. Hoja hizo zingefaa zaidi kwa Iraki kuliko Kosovo, na ndizo zilizonyamaza.

Upande wa pili nao. Desemba 2007, Barack Obama akigombea urais alisema kwamba Katiba haimpi Rais uwezo wa kuamuru shambulio peke yake pale ambapo nchi haijavamiwa wala haiko karibu kuvamiwa. Machi 2011 aliamuru mashambulizi dhidi ya Libya bila kura ya Bunge. Sheria ya mwaka 1973 inampa Rais siku 60 kupata idhini. Siku 60 zilipokwisha, serikali yake ilieleza kwamba mapigano yale hayakufikia kiwango kinachotajwa na sheria. Wengi waliompigia kelele Bush walikaa kimya.

Na si wanasiasa tu. Gazeti la Washington Post pamoja na televisheni ya ABC waliwauliza Wamarekani mwaka 2013, chini ya Obama, kama wanaunga mkono kuipiga Syria kwa makombora kwa sababu ya silaha za kemikali. Warepublican waliokubali walikuwa asilimia 22. Aprili 2017, Donald Trump, ambaye mwaka 2013 alimtaka Obama asishambulie na akasisitiza idhini ya Bunge, alirusha makombora 59 bila idhini hiyo. Safari hii asilimia 86 ya Warepublican walikubali. Katika miaka minne, kubwa lililobadilika ni aliyekaa Ikulu. Wademokrat hawakusogea mara hiyo, lakini katika Libya tumeona walivyonyamaza.

Bunia, The Hague na Pentagon

Jirani yangu mmoja ni mama wa Kikongo aliyetoka Bunia, mkoa wa Ituri. Tunaongea Kiswahili, yeye cha kwao, mimi cha Tanga, tunaelewana. Siku ilipotoka habari kwamba Bosco Ntaganda ametiwa hatiani, Julai 2019, alikuja kwangu na simu mkononi, akanisomea kosa moja moja, akiinua kidole kila moja. Mauaji. Ubakaji. Utumwa wa kingono. Kuwatia watoto jeshini, na kuwabaka wasichana wadogo waliokuwa ndani ya jeshi lake mwenyewe. Makosa yalikuwa 18. Novemba akahukumiwa miaka 30 na Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu.

Marekani ilisaidia kumfikisha huko, na ninasema hivyo kwa shukrani. Machi 2013 Ntaganda aliingia mwenyewe katika Ubalozi wa Marekani mjini Kigali akaomba apelekwe The Hague, na Wamarekani wakafanikisha. Wenye mamlaka hapa Washington walisema maneno mazuri juu ya haki kwa wanawake wa Kongo.

Lakini Marekani si mwanachama wa mahakama hiyo. Agosti 2002 Bush alisaini sheria inayomruhusu Rais kutumia kila njia ya lazima kumtoa Mmarekani yeyote atakayeshikwa na mahakama hiyo, hata wakosoaji wakaiita sheria ya kuivamia The Hague. Mwendesha mashtaka Fatou Bensouda wa Gambia, ambaye ofisi yake ndiyo iliyomshtaki Ntaganda, aliomba mwaka 2017 kuchunguza uhalifu wa Afghanistan. Ombi lake liliwagusa Taliban, vikosi vya serikali ya Kabul, na pia askari wa Marekani na CIA, kwa tuhuma za mateso, ubakaji na ukatili mwingine wa kingono dhidi ya wafungwa. Tarehe 2 Septemba 2020 Washington ilimwekea vikwazo mwanamke huyo, vya aina ile wanayowekewa magaidi na wauza dawa za kulevya.

Rais Joe Biden aliviondoa Aprili 2021, na mwaka 2023 aliagiza mahakama ipewe ushahidi dhidi ya Warusi. Februari 2025, baada ya mahakama kutoa hati ya kumkamata waziri mkuu wa Israeli, vikwazo vilirudi, safari hii kwa mwendesha mashtaka Karim Khan. Mahakama ni ile ile: inapomshika Ntaganda au kumtafuta Putin, inasifiwa, inapomgeukia Mmarekani au rafiki yake, inaadhibiwa. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Pentagon nayo iko hapa hapa, ng'ambo ya mto Potomac, Arlington. Kwa mwaka 2012 yenyewe ilikadiria kwamba askari wake wapatao 26,000 walifanyiwa vitendo vya kingono wasivyovitaka. Waliotoa taarifa walikuwa 3,374. Sababu moja ya pengo hilo ilikuwa wazi: aliyeamua kama askari ashtakiwe au la alikuwa mkuu wake wa kikosi, mtu aliyekula naye na kumpandisha cheo. Seneta Kirsten Gillibrand wa New York aliandika muswada wa kuuondoa uamuzi huo mikononi mwa makamanda. Machi 2014 alipata kura 55 kati ya 60 zilizohitajika, ukakwama. Ilichukua mpaka Desemba 2021 sheria kubadilika, na Desemba 2023 waendesha mashtaka huru ndipo wakaanza kazi.

Waliosema juu ya wa kwao

Ninaitaja kura ile ya 2014 kwa sababu nyingine pia. Warepublican kama Rand Paul na Ted Cruz waliungana na Gillibrand. Wademokrat kama Claire McCaskill walimpinga kwa hoja zao. Hapo watu walibishana juu ya jambo lenyewe, bila kutazama bendera ya nani inapepea. Kwa hiyo inawezekana.

Na kuna tukio jingine ambalo siwezi kuliacha. Machi 2006, mwaka ule ule wa Sheria ya Adam Walsh, askari wa Marekani waliokuwa Mahmudiyah, kusini mwa Baghdad, waliingia nyumba ya familia moja, wakambaka binti wa miaka 14, wakamuua yeye, wazazi wake na mdogo wake. Mwanzo lawama zilitupwa kwa waasi wa Kiiraki. Ukweli ulitoka kwa sababu askari wa kikosi chao wenyewe alisikia, akakataa kunyamaza, huku akijua analala katika kambi moja na watuhumiwa na wenzao. Wahusika wakafungwa, wengine vifungo vya miaka 90, 100 na 110, na kinara wao maisha.

Hapo ndipo ninapopimia msimamo wa mtu. Kumlaani mbakaji wa chama kingine, kabila jingine au nchi nyingine hakumgharimu mtu kitu. Msimamo unajulikana siku wako anapokosa.

Na kipimo hiki si cha wabunge pekee. Katika jamii yetu sisi wenyewe tunaozungumza Kiswahili huku, kulitokea tuhuma dhidi ya mtu mzima anayeheshimika, mchangiaji mkubwa wa misiba na harusi. Mtoto alikuwa amemwambia mama yake. Wazee waliitisha kikao, wakasema tuyamalize wenyewe, tusiipe serikali ya Wazungu nafasi ya kutuaibisha. Katika kundi la simu watu walianza kuchanga pesa za wakili kabla hata hawajauliza mtoto yuko katika hali gani. Baadhi yao ndio waliokuwa wakituma kila siku habari za unafiki wa wanasiasa wa Marekani.

Sheria ya Maryland inamtaka mtu yeyote mwenye sababu ya kuamini kwamba mtoto amedhulumiwa atoe taarifa. Kwa mlezi mwenye leseni ni wajibu wa kazi. Nilipiga simu. Wako walioacha kunisalimu, na shangazi mmoja niliyemheshimu aliniambia nimemvua mtu nguo hadharani. Nilimjibu, "Shikamoo shangazi, lakini mtoto ndiye aliyevuliwa." Mambo mengine niliwaachia wenye kazi yao.

Kwa hiyo msomaji, popote ulipo, Dar, Mombasa, Muscat au hapa Maryland, nakuomba ufanye jambo moja unapomsikia mwanasiasa akidai vita au akidai wabakaji wanyongwe. Liondoe jina la mtendaji na jina la chama, kisha uangalie kitendo kilichobaki. Kama hukumu yako inabadilika ukirudisha jina, basi hukuwa na hukumu, ulikuwa na upande. Mwulize mbunge wako alipiga kura gani chini ya rais aliyepita na gani chini ya huyu, na kama zinatofautiana, akueleze sababu. Mwulize kama sheria anayoidai kwa mwizi wa mtaani ataidai pia kwa waziri, kamanda, sheikh, mchungaji na mwanamuziki anayempenda. Na ukiulizwa wewe juu ya mjomba wako, toa jibu lile lile.

Mimi nitaendelea kupeleka vidole vyangu kila ninapotakiwa, kwa moyo mweupe. Ninachodai ni kwamba wanaoishika kalamu ya sheria, na wanaoamuru mabomu kwa jina letu, wapimwe kwa mizani ile ile.